Kwato za Berendina na Kiatu Kilichosubiri Mguu

Berendina Aleida Klein Hesselink, wa shamba la Hesselink kando ya kijito cha Zwiek, binti wa Gradus, aliyeshinda mbio za viatu vya mti akiwa amelewa, na wa pili wake alikuwa farasi, mjukuu wa Hendrik Jan, aliyemchongea kasisi viatu vya kuzikwa navyo, kasisi akapona, akavivaa miaka ishirini na saba kwa ubahili, kitukuu wa Aleida Mkubwa, yule aliyemuuzia mwanajeshi wa mguu mmoja kiatu kimoja tu, cha kulia, mguu wenyewe mkubwa kama mtumbwi, kisha akakitundika cha kushoto juu ya mlango akasema, "Atakuja mwenye mguu wa upande huu."

Hakuja. Miaka mia na ushee imepita. Katikati hapo alitokea mwingine wa mguu mmoja, na mama yangu alikuwepo siku ile, nyumba nzima ikatoka uani na kahawa kumpokea. Kumbe na yeye ni wa kulia. Wakamchongea kimoja kipya, na cha kushoto kikarudi msumarini.

Ndiyo ukoo wake. Dina mwenyewe, maana Berendina tunamwita siku za kanisa tu, ana miaka sabini na mmoja na vidole tisa u nusu. Alianza kuchonga viatu vya mti akiwa na miaka kumi na miwili, na mpaka leo hajavaa kiatu cha dukani ila siku aliyoolewa. Anasema ndiyo maana ndoa ilimbana.

Mimi ni jirani yake wa kwanza, na kwetu hicho ni cheo. Ndama akikwama tumboni kwa mama yake, naitwa mimi. Mtu akifa, habari naipeleka mimi nyumba kwa nyumba. Na Dina akienda tamashani kuuza, turubai nashika mimi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikusimuliwa, niliyaona nikiwa nimeshika turubai.

Tamasha lenyewe ni lile la ngome ya Wildenbeek, sikukuu za Pentekoste. Siku tatu watu wazima wenye kazi zao wanakuja wamevaa mabawa. Kuna majoka, kuna wachawi, kuna vibete wenye ndevu mpaka magotini. Daktari wangu wa meno nilimkuta pale amekuwa uyoga. Nikamwamkia, akanijibu kwamba uyoga hauzungumzi, halafu akaniuliza kama lile jino la nyuma bado linauma.

Dina alianza kwenda miaka kumi na tisa iliyopita, kuwauzia vibete viatu vya kawaida. Siku hiyo akaja bwana mmoja mwembamba, juu mtu, chini manyoya, pembe mbili kichwani. Wale tunawaita watu-mbuzi. Akauliza kama mama anaweza kumchongea viatu vinavyofanana na kwato.

Mwingine angecheka. Dina alimtazama miguu, akauliza, "Mbuzi wa kwetu au wa milimani?"

Bwana yule alitokwa na machozi. Alisema tangu avae pembe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dina akarudi nyumbani, akashinda zizini siku nzima akiangalia miguu ya mbuzi. Mbuzi wakamlia aproni. Lakini kwato alizitoa, na ni kwato kweli: kwa nje zimepasuliwa mbele, nyeusi, zina mng'ao wa nta, kwa ndani ni kiatu chema cha mti laini wa mpopla, cha kulia na cha kushoto. Kwa nje zote ni sura moja, kulia na kushoto huwezi kujua. Nilimwambia, "Dina, watu watachanganya." Akanijibu, "Mbuzi hana kulia na kushoto, jirani. Ana miguu minne na hajawahi kulalamika."

Neno hilo nililiweka moyoni. Nina tabia ya kuweka.

Basi kwa miaka kumi na tisa meza yake ilikaa pale pale, penye daraja la ngome, ambapo lazima kila mtu apite. Mpaka mwaka huu, alipokuja mwenyekiti mpya. Bwana Joost Hagedoorn alitoka magharibi mwa nchi, kule wanakokula mkate kwa kisu na uma, na tamashani alikuwa mfalme wa watu wa msituni: masikio yamechongoka, nywele nyeupe mpaka kiunoni, joho la rangi ya fedha linaburura tope lote la Wildenbeek. Nyuma yake walinzi wawili, mazimwi, wamejipaka kijani mpaka kwenye kope. Siku za kazi ni walimu wa hesabu.

Jumamosi asubuhi tunakunywa kahawa na mkate wa zabibu kavu, akatusimamia.

"Ewe mwanamke wa magogo!" akaanza. "Ufalme wangu..."

"Kahawa?" Dina akamkatiza.

"Asante, bila sukari. Ewe mwanamke wa magogo, ufalme wangu hauna nafasi ya viatu vya mti. Hivyo wanauziwa watalii, pamoja na sumaku za friji. Watu wanakuja hapa kusahau nyumbani, na wewe umewatundikia nyumbani mlangoni."

"Na hizi kwato?"

"Kwato sawa. Lakini hivi vingine... Na hiki kimoja kilichooza, ndo nini?"

Nikaweka kikombe chini. Alikuwa anaonyesha kiatu cha Aleida Mkubwa, ambacho Dina hukileta kila tamasha na kukitundika kwenye nguzo ya turubai, maana huwezi kujua mwenye mguu atapita wapi.

"Hakijaoza," Dina akasema. "Kinasubiri."

"Kinasubiri nini?"

"Mguu."

Mfalme akamtazama, akanywa kahawa, akarudi kwenye lugha ya ofisini. "Bi Berendina, nakuhamishia nyuma ya vyoo. Si adhabu. Ni mpangilio mpya."

Nyuma ya vyoo! Huko mwaka juzi aliwekwa muuza sabuni, akarudi kwao anazungumza peke yake. Dina bila daraja lake ni kama kanisa bila mnara, unabaki kuuliza hili ghala la nani. Nikaona vidole vyake tisa u nusu vinapapasa ukingo wa meza.

"Sikiliza, bwana mfalme," akasema. "Leo saa tisa mchana watu-mbuzi thelathini na mmoja watavuka daraja hili wakicheza. Ni chama chote cha tarumbeta cha kijiji chetu, na wote wamevaa kwato zangu. Ukiona kiatu cha mti hata kimoja miguuni mwao, au mmoja akipita na soksi, nahamia vyooni bila kufungua mdomo. Wakivuka salama, nabaki hapa mpaka nife, na mwaka mmoja zaidi."

"Mwaka mmoja zaidi wa nini?"

"Wa kuzoea."

Mfalme akayaandika hayo. Watu wa magharibi hata wakiwa na masikio ya msituni huandika kila kitu. Wakatia sahihi wote wawili, na zimwi mmoja akawa shahidi.

Sasa saa nane na nusu, yule yule Bwana Hagedoorn akawaita watu-mbuzi wote ukumbini ngomeni, watie sahihi karatasi kwamba mtu akianguka darajani ni shauri lake. Ukumbi ule una sakafu ya mbao ya miaka mia tatu, inang'aa, unajiona mpaka kidevu cha pili.

Mtu wa mjini angeingia na kwato zake, akakwaruza sakafu, tukalipa, mambo yakaisha. Lakini hawa ni watu wa kwetu. Wamelelewa na mama waliosimama mlango wa jikoni na ufagio mkononi. Hakuna aliyewaambia kitu, hakuna aliyefikiri. Mguu ulipogusa kizingiti tu, kwato zikavuliwa. Thelathini na mmoja wenye pembe na mapaja ya manyoya wakaingia na soksi za sufu, wakapanga foleni kutia sahihi, na kwato sitini na mbili zikabaki ngazini, jozi kwa jozi, kama viatu vya waombolezaji kwenye msiba wa mbuzi.

Hapo ndipo malkia wa majoka alipotaka kupigwa picha ngazini. Bwana Hagedoorn akachungulia dirishani, akapiga kelele: "Walinzi! Ondoeni takataka mlangoni!"

Mazimwi ni watu watiifu. Wakaleta toroli, wakazoa kwa koleo, wakazimwaga nyuma ya ngome, ukingoni mwa mtaro wa maji. Lundo likafika kiunoni.

Watu-mbuzi kutoka nje, hakuna kitu. Kuzifuata nyuma, lundo. Kila mmoja akachukua mbili alizoziona karibu. Mama yangu! Mwenye za kushoto mbili alikuwa anaenda kushoto tu. Hermien wa zumari alizunguka kisima mara tatu akiomba msaada kila akipita. Wawili wa ngoma waligawana jozi ya mtu mmoja, kila mmoja mguu wake, wakawa wanatukanana kila wakipiga hatua.

"Hii si yangu, inanibana mpaka masikio!"

"We nawe, una miguu ya bata, utazipata wapi?"

"Muulize Dina! Muiteni Dina!"

Dina akaja, aproni kiunoni, akasimama mbele ya lundo. Namjua. Akipiga kelele, kuna muda. Akinyamaza, hali ni mbaya. Alinyamaza. Saa ya ngome ilionyesha saa tisa kasoro robo, na kwa mbali niliiona karatasi mkononi mwa Bwana Hagedoorn pale darajani.

"Vueni zote," akasema. "Kaeni kwenye majani."

Akapiga magoti penye lundo, akatia mkono ndani ya ukwato wa kwanza. Vidole vilimwambia: kulia. Akanirushia upande wa kulia. Wa pili, kushoto. Alikwenda mbio kama anachambua viazi, na mimi napanga mistari miwili. Nilifika darasa la sita tu, lakini kupanga miguu sikuhitaji cheti.

Halafu akaanza kugonga. Jozi moja hutoka kwenye pande moja la gogo, zimelala pamoja kwenye mti, zimekauka pamoja kwenye dari la Dina wiki sita juu ya moshi. Ukigonga soli, zinajibu sauti moja. Akachukua wa kulia, akagonga: tok. Akapita mstari wa kushoto, tuk, tak, tek, tok. "Hii hapa. Mwenye mguu mpana, njoo!" Tok, tok. "Hii ya Hermien, jirani, mkamate akizunguka."

Chama cha tarumbeta kikaona hiki ni kitu cha kwao.

"Hiyo ni fa!" mmoja akapaza sauti.

"Fa ya wapi? Sol hiyo!"

"Nyamazeni!" Dina akafoka bila kuinua kichwa. "Nyinyi mwaka jana mlipiga wimbo wa taifa, watu wakakimbilia malishoni wakidhani ng'ombe wamevunja uzio. Sauti niachieni mimi."

Watu wakaanza kukusanyika. Bibi aliyepiga magoti, lundo la kwato, tok, tok, tok; wakadhani ni ibada. Mchawi mmoja akavua kofia. Daktari wangu wa meno, yule uyoga, akainamisha kichwa chake chote chekundu, akawakinga watu wanne na mvua iliyokuwa imeanza kunyesha.

Saa tisa kasoro dakika sita, watu-mbuzi thelathini walikuwa wamevaa. Amebaki mmoja, Wessel Obbink, mpiga tarumbeta kubwa kuliko zote na mwenye mguu mkubwa kuliko yote. Ukwato wa kulia anao. Wa kushoto hakuna. Tukatafuta chini ya toroli, tukatafuta vichakani.

Zimwi mmoja akainua mkono kama mwanafunzi. "Bibi... mmoja ulibiringika majini. Nilidhani chura."

"Chura wa namba arobaini na tisa?" nikamuuliza. Rangi ya kijani ikampauka.

Wessel amesimama, mguu mmoja ukwato, mguu mmoja soksi, na soksi ina tundu. Soksi ni vyoo. Kiatu cha mti ni vyoo. Wenzake wakamwambia abaki nyuma, lakini karatasi ilisema thelathini na mmoja.

Dina akageuka kutazama meza yetu. Nilijua kabla hajasema.

"Jirani, kilete."

"Dina, hicho hapana. Hicho ni..."

"Jirani. Kilete."

Nina miaka sabini na nane na nyonga ya chuma, lakini siku ile nilikwenda kama Gradus na yule farasi. Nikakitoa msumarini. Kilikuwa chepesi, kikavu, kimekuwa rangi ya chai. Nikampa Dina, Dina akamvika Wessel. Kikaingia vizuri kama jibini kwenye mkate. Ule mguu wa mwanajeshi na wa Wessel ilikuwa kipimo kimoja.

"Kinatosha!" Wessel akasema. "Lakini si ukwato, mama. Kina pua."

Maana pua ile, iliyoinuka juu, ndiyo inayokifanya kiatu cha mti kiwe kiatu cha mti. Mtoto wa miaka miwili angekitambua, sembuse Hagedoorn.

Dina akakivua, akakipakata. Sijawahi kumwona akisita mbele ya mti. Mti ukimletea fundo, yeye huuletea kisu. Sasa dakika tatu zimebaki, na yeye anakipangusa vumbi kwa kidole chake cha nusu.

"Haya, Aleida," akakiambia. "Mguu wa upande huu umekuja. Kwamba ana na mwingine, si kosa lake."

Akashika msumeno. Mti wa miaka mia na ushee si mchezo. Ulilia kama nguruwe anayeijua siku yake. Pua ikaanguka kwenye majani. Nikaiokota nikaitia mfukoni, na mfukoni mwangu ipo mpaka sasa. Akapasua mbele kwa kisu, akachonga mviringo, akachota tope la Wildenbeek na nta ya mkebe akapaka pande zote. Kengele ikaanza kugonga saa tisa, na Wessel akawa anavaa huku anakimbia.

Watu-mbuzi wakavuka. Tarumbeta zililia vibaya kama kawaida, lakini chini yake jozi thelathini za kwato zikaimba juu ya mbao za daraja: tok, tok, tok, tok. Halafu mwishoni akaja Wessel: tok, TING. Tok, TING. Ule mti ulivyokauka ulilia kama kengele ya madhabahuni. Umati ukapiga mayowe. Malkia wa majoka akavua kichwa chake ili asikie vizuri.

Bwana Hagedoorn alikuwa ameinama, anakagua mguu kwa mguu. Kwa Wessel akanyoosha kidole.

"Mbona huo unalia tofauti?"

"Mbuzi mzee, bwana," Wessel akajibu, akapita.

Hagedoorn akahesabu. Thelathini na mmoja. Kiatu cha mti hakuna, soksi hakuna. Akatoa kalamu, akaandika *sawa* kwenye karatasi, akaibandika yeye mwenyewe kwenye nguzo yetu. Dina akaisoma mara mbili, akaniomba kahawa.

Jioni mfalme akarudi. Masikio ameyavua, yalikuwa yanamwasha; akayaweka mezani karibu na mkate wa zabibu. Mazimwi walikuwa wamemweleza nani aliyeita nini takataka, na kiatu gani kilikatwa kwa ajili hiyo.

"Bi Berendina," akasema, na safari hii hakukuwa na ufalme wala ofisi ndani ya sauti yake, "nifanye nini?"

Dina akamwonyesha mtaro kwa kidevu. Katikati ya bata, ukwato wa Wessel ulikuwa unaelea, na bata mmoja alikuwa ameshaupenda.

Alikwenda. Na joho lake. Maji yakafika kifuani, zile nywele nyeupe zikatandazika nyuma yake kama shuka iliyosombwa na mafuriko, bata akamng'ata, naye akamwomba radhi. Akarudi na ukwato, anachuruzika.

"Ni wa Wessel," akasema. "Nimpelekee?"

"Wessel kagoma. Anasema cha Aleida kinamwimbia, hakivui hata akizikwa." Dina akaupokea, akaufuta kwa aproni, akaugonga, tok, akaurudisha mikononi mwa mfalme. "Huu sasa hauna mwenzake. Ni wa kushoto. Nyumba yetu imesubiri miaka mia na ushee; mimi leo nimemaliza zamu. Subiri wewe."

"Nisubiri nini?"

"Mwenye mguu wa upande huu. Utundike juu ya mlango wako, huko kwenu kunapita watu wengi. Akija, usimdai kitu. Umvike kwa mikono yako, halafu uniandikie barua."

Akaushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, maji yanamtiririka puani. "Na akija mwenye mguu wa kulia?"

"Mpe kahawa," Dina akasema, "uendelee kusubiri."

Akampa na msumari.